Siku Mkia Ulipobadilika

Kidanka Ntandu alipenda kuwaambia watu kwamba yeye na kosa hawajawahi kutambulishana. Alisema hivyo kwenye foleni ya mkate, kwenye harusi za watu ambao hawakumwalika, na hata siku ya usaili wa kazi, mbele ya wazee watano wa Baraza la Maji waliokuwa wamekunja nyuso. Wazee wakacheka, wakampa kazi. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado hajakosea, na ili jambo hilo lisipite kimyakimya, alikifunga kifutio chake kwenye karatasi ya zawadi akamkabidhi Bi Perusi mbele ya ofisi nzima.

"Kitakufaa wewe, mama. Mimi kinanizeekea bure mfukoni."

Bi Perusi Mghenyi, mwenzake wa zamu, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miaka sitini na mmoja, alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kesho yake akaanza kukitumia.

Wote wawili walikuwa wahesabu wa kiapo wa kituo cha maji cha Itundwe. Itundwe ni mji wa nyanda kavu, ambako maji hayapatikani mpaka uchimbe, na ukishachimba yanakuja na floraidi yake. Mtu wa Itundwe aliyevuka miaka arobaini humuulizi kwao ni wapi, unamsubiri acheke. Meno yake ni ya kahawia kama yaliyolazwa kwenye chai ya rangi, na pengine magoti nayo yameanza kutazamana. Ndipo vikaja vilamba. Hivi ni vijimashine vidogo kiasi kwamba elfu moja vikipangwa mstari vinatosha juu ya punje moja ya chumvi. Kila asubuhi vilimwagwa kwenye tangi kuu, vikalamba floraidi, vikashiba, vikazama chini. Uhai wao ulikuwa siku moja. Kesho yake asubuhi hata kile ambacho hakijashiba kinakufa. Watoto wa Itundwe wenye chini ya miaka kumi na miwili walikuwa na meno meupe mpaka mabibi zao wakadhani wamebadilishiwa.

Lakini kilamba hakina adabu. Kikizidi idadi, kinamaliza floraidi ya kwenye maji ndani ya saa moja, halafu kwa njaa yake kinaitafuta pale ilipohifadhiwa, na hakuna mahali ilipohifadhiwa vizuri kama kwenye mifupa ya watu ambao ukoo wao mzima umeinywa. Iliwahi kutokea kwenye mji mmoja wa magharibi. Mashine ilikosea kipimo, na huko mpaka leo kuna watoto wanaotambaa wakati wenzao wa rika lao wanaota ndevu. Kesi ilipofika mahakamani, hakukuwa na wa kumkamata. Mashine haina shingo.

Hapo ndipo wakubwa walipotunga Sheria ya Kichwa cha Mtu. Kila namba itakayoingia kwenye mwili wa mtu lazima ipite kwanza kwenye kichwa cha mtu, kwa penseli na karatasi. Mashine ya kumwagia, ambayo zamani ilikuwa na tabia ya kuuliza kama una uhakika, ikanyang'anywa ulimi. Tangu hapo inamwaga ilichoambiwa. Kumbukumbu zake nazo zikakataliwa kuwa ushahidi. Ushahidi ni karatasi tu. Mhesabu akikosea, miaka thelathini. Akikosea akakiri mwenyewe palepale, miaka thelathini. Akikosea akaficha mpaka akakamatwa, ni ileile thelathini. Walioitunga waliamini itawafanya wahesabu wawe waangalifu. Hawakukaa kufikiria ni kitu gani kingine inaweza kuwafanya.

*

Alhamisi hiyo ilifuata siku mbili za mvua, mvua ya kwanza ya maana tangu Kidanka aajiriwe. Mji mzima ulikuwa umebeba majembe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, karatasi za vipimo zilipenyezwa chini ya milango miwili, wa chumba cha Kidanka na wa chumba cha Bi Perusi, kwa sababu sheria iliwataka wakokotoe kila mtu peke yake. Kati ya vyumba kulikuwa na kidirisha cha kioo kinachofunguka.

Kidanka akabonyeza saa yake ya kupimia mbio. Huo ulikuwa mchezo wake wa kila siku: si kupata jibu, maana jibu lilikuwa lazima lipatikane, bali kulipata kabla ya dakika kuisha.

Floraidi: 2 × 10⁻³ gramu kwa lita. Tangi: lita 6 × 10⁶. Nguvu ya vilamba: gramu moja hulamba floraidi gramu 2 × 10⁵ kabla ya kufa.

Wahesabu wana majina yao ya kienyeji. Namba ya mbele wanaiita kichwa. Ile ndogo iliyokaa juu ya bega la kumi wanaiita mkia. Kichwa halali kinaanzia moja na hakifiki kumi. Ukizidisha, vichwa vinazidishwa na mikia inajumlishwa. Ukigawanya, vichwa vinagawanywa na mikia inatoana. Basi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanafanya hivyo huku wanatafuna muwa.

Mbili mara sita, kumi na mbili. Hasi tatu na sita, tatu. Kumi na mbili imezidi, iwe moja nukta mbili, na mkia upande uwe nne. Hiyo ndiyo floraidi yote iliyomo kwenye tangi. Sasa gawanya kwa nguvu ya vilamba. Moja nukta mbili kwa mbili, sifuri nukta sita. Nne toa tano, hasi moja.

0.6 × 10⁻¹.

Na hapa pakatokea jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mitatu. Siku za ukame, floraidi ikiwa imekolea, jibu lilikuja likiwa limeshavaa: 2.4, au 1.8, mkia hasi moja, unaandika unaondoka. Leo, kwa sababu ya mvua, kichwa kilikuja kimedumaa, chini ya moja. Kilitaka kukuzwa kiwe sita, na kichwa kikikuzwa mara kumi, mkia unashuka ngazi moja kulipia.

Punguza moja, akajiambia Kidanka. Mkono wake ukaiona ile moja ya kwenye hasi moja, ukaipunguza kama mtu anayevua koti. Ikabaki sifuri. Kushuka kutoka hasi moja ni kwenda hasi mbili. Yeye alipanda, na alipanda akiwa na furaha.

6 × 10⁰. Sekunde arobaini na nane. Akagonga kidirisha kwa penseli.

Sheria ilitaka wasomeane kichwa na mkia, kisha wabadilishane karatasi. Lakini kwa miaka mitatu mkia ulikuwa hasi moja kila siku ya Mungu, na kuutaja kila asubuhi kulikuwa kama watu wawili waliokaa meza moja kuambiana kwamba wamekaa. Nani aliacha kwanza, hakuna aliyekumbuka. Siku hizi walisomeana vichwa tu, na karatasi hazikubadilishwa tena.

Ilimbidi amsubiri mwenzake dakika nne nzima, na aliutumia muda huo kupiga miayo ya makusudi.

"Sita?" akauliza alipoona penseli ya mama imelala.

"Sita," akajibu Bi Perusi. "Mvua imetupunguzia kazi, mwanangu."

"Imekupunguzia wewe, mama. Mimi sina kazi, nina kipaji."

Bi Perusi akacheka kwa yale meno yake ya kahawia, akasaini karatasi yake. Siku hiyo mkuu wa zamu alikuwa Kidanka, kwa hiyo karatasi yake ndiyo iliyosomwa kwa mashine. Akabonyeza kichwa, sita. Akabonyeza mkia, sifuri. Mashine, kama ingekuwa na ulimi, ingeuliza. Ikamwaga.

Saa kumi na mbili kamili mabomba ya Itundwe yakafunguliwa.

*

Karatasi za siku zilitakiwa zifungwe pamoja na kuwekwa kwenye sanduku la chuma kabla ya saa tano. Kidanka alizichukua zote mbili, akazipanga, na jicho lake likashikwa na karatasi ya Bi Perusi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa ubaoni, bibi alikuwa ameandika 6 × 10⁻².

Kidanka akacheka peke yake. Mkia hasi mbili! Bibi amepotea njia, na siku ilikuwa imeanza vibaya bila kichekesho. Akaamua kumtengenezea somo. Angeandika hesabu nzima bila kichwa wala mkia, kwa sifuri za kawaida, kama anamwelekeza mtoto wa chekechea, halafu angeibandika kwenye kidirisha kwa gundi na kusimama pembeni kumtazama akiisoma.

Akaandika kwa herufi kubwa: FLORAIDI YOTE, GRAMU 12,000. Chini yake: GRAMU MOJA YA VILAMBA HULAMBA GRAMU 200,000.

Penseli ikasimama hapo.

Mtu hahitaji kugawanya. Kama gramu moja inamaliza laki mbili, na wewe una elfu kumi na mbili, hiyo gramu moja yenyewe huihitaji nzima. Unahitaji chembe yake. Akagawanya hata hivyo, taratibu, bila saa. Sifuri nukta sifuri sita. Akagawanya tena. Ikawa ileile.

Akavuta karatasi ya jana. Jana floraidi ilikuwa mara mbili ya leo, na wakamwaga gramu 0.12. Leo floraidi imepungua nusu, na yeye amemwaga gramu sita. Mtoto wa darasa la tano angeshangaa ugonjwa unapungua halafu dawa inaongezwa mara hamsini. Kidanka hakushangaa, kwa sababu alikuwa anatazama saa ya mbio.

Mara mia moja ya kipimo. Bibi alikuwa sawa.

Aliikunja ile karatasi ya somo mara nne, halafu mara ya tano haikukunjika.

*

Jambo la kwanza alilifanya haraka na alilifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Alimpigia Bwana Mughwai, msimamizi wa kituo, akamwambia pampu namba mbili inatetemeka vibaya, afunge maji kabla haijapasuka. Bwana Mughwai akanung'unika kwamba watu wa upande wa magharibi bado hawajachota, kwamba simu zitampasua kichwa yeye na si pampu. Kidanka akasisitiza. Saa nne na dakika tano maji yakafungwa, na msimamizi akashuka chini na fundi kwenda kuitazama pampu ambayo haikuwa na neno.

Magharibi ya mji ilikuwa imepona. Mashariki ilikuwa imechota kwa saa nne.

Juu ya paa la kituo kulikuwa na vipaza sauti vinavyosikika mpaka mashambani. Maikrofoni ilikuwa kwenye meza ya Bwana Mughwai, hatua kumi na moja kutoka alipokaa Kidanka, na ofisi haikuwa na mtu. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: msinywe maji ya leo mpaka kesho asubuhi. Maneno saba. Kesho asubuhi vilamba vyote vitakuwa vimekufa, na watu watayanywa maji yaleyale bila kudhurika. Kichwa chake, ambacho hakikujua kunyamaza hata msibani, kikagawanya: miaka thelathini kwa maneno saba, kila neno miaka minne na ushee.

Akatafuta uongo wa kusema badala yake. Aseme maji yana tope la mvua? Watu wa Itundwe wangeyachuja kwa kanga wakanywa. Walishakunywa mabaya zaidi. Aseme yana sumu? Baraza lingeleta wapimaji kabla ya saa nane mchana, wakati vilamba viko hai vinahesabika. Uongo mdogo hausaidii na uongo mkubwa unamrudia. Kulikuwa na ukweli tu, na ukweli ulikuwa na jina lake.

Akapiga hatua tano. Akarudi.

Badala yake akachukua karatasi mpya, akaandika upya hesabu ya asubuhi, safari hii mkia akaupeleka unakotakiwa, hasi mbili, akasaini. Ile ya kwanza akaichana vipande, akavitafuna kimoja kimoja kwa chai iliyopoa. Mashine inajua, lakini ya mashine hayasikilizwi. Sasa kwenye sanduku la chuma kulikuwa na karatasi mbili zinazokubaliana, na kwa mujibu wa sheria za nchi hakuna lililotokea.

Bi Perusi alimkuta anafuta midomo. Alikuwa ameshachukua kikapu chake, anataka kuwahi shamba. Akauliza pampu ina nini. Kidanka akasema inatetemeka. Bibi akamsifu kwa kuiwahi. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba afadhali kwake wamechota mapema, maana jana alisikia maji ya baada ya mvua ni matamu, akawaambia wajukuu wake wote wanne leo wanywe mpaka washibe.

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi kubwa, na ofisi ilikuwa tupu, na bibi alikuwa amesimama anatafuta miwani yake ndani ya kikapu, hana haraka.

"Vizuri, mama," akasema Kidanka.

"Leo huna utani?" akauliza Bi Perusi. "Unaumwa?"

Akasema tumbo. Bibi akampa pole, akamshauri anywe maji mengi, akaondoka.

*

Saa sita Kidanka aliomba ruhusa kwa hilo hilo tumbo. Nyumbani kwao, upande wa mashariki, hapakuwa na mtu. Mama yake alikuwa amechota asubuhi na mapema na kukimbilia shamba kama mji mzima. Jikoni kulikuwa na sufuria iliyofunikwa. Nje, kando ya bomba la uani, yalisimama mapipa matatu ya bluu yaliyojaa mpaka shingoni.

Sufuria aliimwaga kwanza. Halafu akalikumbatia pipa la kwanza, akaliinamisha.

Mtu asiye wa Itundwe hawezi kuelewa jambo hilo. Pale maji ya kuoshea vyombo yananyweshwa kuku, na ya kunawa uso yanapewa mchicha. Mwanamke mmoja aliwahi kusemwa miezi miwili kwa kuosha miguu ya mgeni kwa ndoo nzima. Kumwaga pipa la maji safi, mchana kweupe, ni kitu ambacho Kidanka mwenyewe hakuwahi kukiona, na sasa alikuwa anakiona mikononi mwake. Pipa la pili likaanguka kwa kishindo. Maji yakatafuta njia uani, yakazunguka jiwe la kufulia, yakapenya chini ya ua wa minyaa kuingia kwa jirani.

Alikuwa ameliinamisha la tatu nusu aliposikia mtu anakohoa.

Eliwaza, jirani yao, alikuwa amesimama kwenye pengo la ua, kandambili zake zimelowa. Alikuwa mshonaji, mkubwa kwa Kidanka kwa miaka sita hivi, mwanamke ambaye kwa kawaida ndiye aliyeanza utani. Kiunoni alikuwa amembeba binti yake Sayuni, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, na Sayuni alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono yote miwili, pua imezama ndani.

"Kidanka," akasema. "Unafanya nini?"

"Mapipa yameota kutu, dada. Nayasafisha."

Eliwaza akayatazama mapipa. "Ya plastiki?"

Kidanka akacheka kidogo. Akasema alimaanisha ukungu. Akasema mama ndiye aliyemwagiza. Akasema mvua itarudi jioni, maji yapo tele, mtu anaogopa nini. Alisema yote hayo mfululizo, kwa sauti yake ya kwenye foleni ya mkate, na pipa la tatu lilikuwa bado limelala kifuani kwake linadondosha.

Eliwaza hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anayafuata yale maji kwa macho, kutoka kwenye pipa mpaka kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye miguu yake mwenyewe. Alikuwa akifikiri taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akamtazama Kidanka usoni, akatazama beji ya kituo kwenye shati lake.

Akakishika kikombe cha Sayuni, akakivuta. Mtoto akakikatalia, akalia. Eliwaza akakichukua kwa nguvu, akakigeuza. Halikutoka hata tone.

"Ya kwenu umeyamwaga," akasema. "Na ya kwetu je?"

Kidanka akalisimamisha lile pipa la tatu.

Eliwaza akasogea mpaka akapita pengo la ua, akasimama mbele yake, mtoto analia begani, kikombe kitupu amekiinua kati yao.

"Kimoja asubuhi, cha pili hiki hapa," akasema. "Vikombe viwili. Wewe si ndiye mhesabu? Nihesabie."